Kutoka Nyahururu kwenda Mombasa: nijiandae vipi?

MtuWaBaridi: Salamu wakuu. Nimepata kazi dukani karibu na Mji wa Kale, nitapanga Likoni. Joto nimeshaambiwa. Nielezeni yale mengine yanayomshinda mtu wa bara.

BintKibokoni: Karibu sana. Anza na salamu, hapo ndipo wageni wengi huharibu. Mteja akiingia usimrukie na "unataka nini?" Mjulie hali kwanza, kisha "karibu, nikusaidie nini?" Mtu mzima ni shikamoo. Ukiomba kitu sema "naomba". "Nipe" kavu huku ni amri, na muuzaji akinuna ghafla sababu ni hiyo. Kutoa na kupokea ni kwa mkono wa kulia. Nyumbani kwa watu vua viatu mlangoni, piga hodi, ungoje "karibu". Hodi ya tatu isipojibiwa, ondoka.

Ijumaa maduka mengi hufungwa adhuhuri kwa swala, kwa hiyo mzigo usipange ufike saa hizo. Ramadhani mikahawa mingi ya Mji wa Kale hailishi mchana. Beba chako, ule ndani, si barazani.

FundiBomba: Mimi nasema maji. Nyumba nyingi zinategemea kisima, na maji yake ni ya chumvi. Kabla ya kulipa kodi fungua bomba, onja tone, sugua sabuni ya mche: ikigoma kutoa povu na ikiacha utando mkononi, ni kisima. Hayo ni ya choo na kudekia. Ya kunywa na kupikia nunua kwa mtungi wa lita 20 kwa wenye mikokoteni, na uyachemshe ya kunywa. Ukipikia maharagwe maji ya kisima utamaliza makaa bure, hayalainiki. Nguo fulia sabuni ya unga, suuza mwisho kwa maji matamu, la sivyo nyeupe hugeuka kijivu.

Kivukoni: Kutoka Likoni hadi kisiwani, uliko Mji wa Kale, utavuka kwa feri. Kwa waendao kwa miguu ni bure, lakini asubuhi na jioni ni msongamano. Jiongezee saa nzima mpaka uizoee. Simu iwe mfuko wa mbele. Na usikimbilie feri inayoondoka, ile njia ya kushukia huteleza.

Jingine: mtu wa nyanda za juu hana kinga ya malaria. Chandarua usiku wa kwanza, si mwezi ujao. Homa ikikushika usiseme ni joto. Kapime siku hiyohiyo.

MtuWaBaridi: Asanteni. Nina kabati la mbao za kubandika na majaketi mawili. Nije navyo?

FundiBomba: Kabati uza hukohuko. Unyevu wa hapa utalifurisha, milango isifunge. Pesa yake nunua feni. Tena panga chumba chenye madirisha pande mbili, maana Februari na Machi feni peke yake huzungusha joto tu.

BintKibokoni: Jaketi moja, la safari za kwenu.