Bustani ya mboga uani kwenye mchanga mtupu: miche inadumaa na kuwa ya njano

Swali
Wakuu, ua wa nyuma ni mchanga mtupu. Nikimwagilia, baada ya muda mfupi juu pakavu. Mchicha na nyanya vinaota vizuri, vikifika majani manne vinadumaa na majani ya chini yanageuka njano, ingawa niliweka samadi mwanzoni. Kununua lori la udongo siwezi. Nina mita 3 kwa 1, jembe na ndoo. Nianzie wapi?

Jibu la 1
Mkuu, huhitaji lori. Mizizi mingi ya mboga za majani iko kwenye sentimita 20 za juu, tengeneza hizo tu.

Njano ya majani ya chini ni njaa ya naitrojeni. Mchanga haushiki maji wala virutubisho, kwa hiyo kila ukimwagilia kwa wingi unaisukuma mbolea chini, mizizi isikofika. Ndiyo maana samadi ya mara moja haikusaidia.

Chimba sentimita 30, mchanga uweke pembeni. Chini tandaza maboksi yaliyolowa, yaliyobanduliwa gundi ya plastiki, kisha majani makavu, uyakanyage hadi yabaki unene wa sentimita 5. Usitandike nailoni, maji yatatuama na mizizi itaoza. Changanya debe 7 au 8 za mboji na debe 15 za mchanga uleule, rudishia. Tuta litabaki limezama kama sentimita 10 chini ya usawa wa ardhi. Liache hivyohivyo! Tuta la kunyanyua ni la udongo unaotuamisha maji. Mchangani linakaushwa na jua na upepo kila upande.

Mboji iwe imeiva: nyeusi, inanukia kama ardhi iliyonyeshewa, na ukiifinya hutambui lipi lilikuwa jani na lipi ganda. Ikiwa bado ya moto katikati, subiri. Maranda mabichi usichanganye kabisa, yakioza huinyang'anya mimea naitrojeni.

Jibu la 2
Naunga mkono tuta la kuzama, isipokuwa pale ambapo ukichimba kidogo tu unakuta maji. Hapo nyanyua.

Kuhusu maji: anza na lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku, nusu asubuhi, nusu jioni. Kwako ni lita 15. Ukiyamwaga yote kwa mkupuo mmoja, sehemu kubwa inapotelea chini. Kuna na hili linalowachanganya wengi: mchanga uliokauka sana huyakataa maji, yanasimama vitone vitone na kuteleza. Nyunyiza kidogo, subiri dakika 10, rudia. Halafu fukua kwa kidole. Kama sentimita 5 chini bado ni vumbi, hujamwagilia.

Miche ikifika kimo cha sentimita 10, weka matandazo ya nyasi kavu unene wa sentimita 5, yasiguse shina. Nyasi zenye mbegu usitumie, utapalilia mpaka uchoke.

Aliyeuliza
Asanteni sana. Nina majivu na kinyesi cha kuku. Nivichanganye vyote kwenye mboji?

Jibu la 3
Hapana. Majivu yakikutana na kinyesi cha kuku, naitrojeni inapaa kama gesi ya amonia. Ile harufu kali inayochoma pua ndiyo mbolea yako inayoondoka. Majivu nyunyiza peke yake, konzi mbili kwa mita ya mraba, mara moja kwa msimu. Kinyesi kibichi kitaunguza miche. Kirundike na majani makavu, kilowe, ukigeuze, kioze hadi kipoe na kiishe harufu.

Baada ya hapo lisha kidogo kidogo: konzi moja ya mboji kuzunguka kila mche kila baada ya wiki mbili, chini ya matandazo. Joto huimaliza mboji haraka mchangani, kwa hiyo kila msimu ongeza debe 3 au 4.

Msimu wa kwanza panda mchicha na kunde. Nyanya zisubiri. Maji yakiwa leo mengi, kesho hakuna, matunda yanaoza kitako hata kama mbolea ipo.

Jambo la mwisho, ng'oa mmoja wa miche iliyodumaa uoshe mizizi. Minyoo fundo, yaani minyoo midogo sana inayoshambulia mizizi, hupenda mchanga. Ukiona mzizi wenyewe umevimba mafundo mafundo, ni wao. Kwenye kunde usihukumu haraka: vifundo vinavyobanduka kwa ukucha, vyekundu ndani, ni vile vinavyotengeneza naitrojeni, viache. Ukithibitisha minyoo, usipande hapo nyanya, bamia wala bilinganya. Otesha marejea (mmea wa jamii ya kunde unaopunguza minyoo hiyo) miezi miwili, yakate yakianza kutoa maua na uyafukie.

Aliyeuliza
Nimeng'oa miwili sasa hivi. Mizizi ni myeupe, haina mafundo. Kesho nachimba.