Nani Mtunzi wa Katuni: Anayeandika au Anayechora?

Hoja ninayoileta mbele yenu ni ya zamani, lakini bado inawagawa wapenzi wa vitabu vya katuni na riwaya za picha: hadithi inapoandikwa na mtu mmoja na kuchorwa na mwingine, ni nani anayestahili kuitwa mtunzi wake? Desturi iliyoenea miongoni mwa wahakiki, wachapishaji na hata wasomaji ni kumtaja mwandishi peke yake, au kulitanguliza jina lake na kulifuatisha la mchoraji kana kwamba ni la fundi aliyeitwa kupaka rangi nyumba iliyokwisha kujengwa. Msimamo wangu ni kwamba desturi hiyo inatokana na kutoielewa kazi yenyewe, kwa sababu mchoraji wa katuni ni mtunzi mwenza kwa maana kamili, naye anastahili jina, sifa na mrabaha sawa na mwandishi.

Tuitazame kazi ilivyo. Chukulia kwamba mwandishi ameandika sentensi moja tu: mwanamke anapokea barua, anaisoma, kisha anakaa kimya. Mchoraji ndiye anayeamua kama tukio hilo litachukua fremu (kisanduku cha picha) moja au sita, kama tutauona uso wa mwanamke au vidole vyake vikiikunja karatasi, na kama kimya chake kitabanwa pembeni au kitaachiwa ukurasa mzima. Katika katuni, muda hupimwa kwa nafasi. Fremu pana humchelewesha msomaji na fremu nyembamba zilizofuatana humharakisha, ilhali jambo la kushtua hufichwa ng'ambo ya ukurasa ili lisionekane kabla ya kufunuliwa. Mambo haya tukiyakuta katika riwaya ya maneno matupu huyaita mwendo wa masimulizi, mtazamo wa msimulizi na taharuki, na hakuna anayebisha kwamba ni kazi ya mtunzi. Sioni kwa nini yageuke kuwa mapambo pale yanapofanywa kwa kalamu ya kuchorea.

Wanaopinga hujibu kwamba hayo ni kweli kwa mwandishi mzembe, lakini mwandishi makini huelekeza kila fremu, na mchoraji hubaki kutekeleza. Mfano wao wa kwanza huwa Alan Moore, mwandishi wa katuni kutoka Uingereza, ambaye maandishi yake kwa wachoraji yanajulikana kwa urefu na kwa wingi wa maelezo. Mfano huo naupokea kwa mikono miwili, maana kitabu chake mashuhuri kuliko vyote, Watchmen, kilichotoka kwa matoleo kati ya 1986 na 1987, ndicho kinachoisaidia hoja yangu zaidi. Mpangilio wa ukurasa wenye fremu tisa, unaokipa kitabu kizima mapigo yake ya saa, ulipendekezwa na mchoraji Dave Gibbons na Moore akaukubali. Beji ya njano yenye uso unaotabasamu, ambayo leo inatambuliwa hata na watu wasiowahi kukifungua kitabu hicho, Gibbons aliibuni alipokuwa akichora vazi la mhusika mmoja na kutafuta kitu cha kulichangamsha. Lile tone la damu juu yake likaja baadaye. Hivyo basi, hata pale ambapo mwandishi alieleza karibu kila kitu, alama inayobeba maana ya kazi nzima ilizaliwa mezani kwa mchoraji. Bado watu husema na kuandika kwamba Watchmen ni kitabu cha Moore, kisha wanapita.

Hali ilikuwa bayana zaidi katika kampuni ya katuni ya Marvel miaka ya 1960. Huko Stan Lee, mwandishi na mhariri wake, alizoea kumpa mchoraji muhtasari mfupi wa kisa, wakati mwingine kwa mazungumzo tu. Mchoraji akaenda kukigawa kisa hicho katika kurasa na fremu, akabuni matukio na mienendo ya wahusika, kisha Lee akajaza maneno katika viputo vya mazungumzo baada ya michoro kukamilika. Mwaka 1966, katika mfululizo wa Fantastic Four, mchoraji Jack Kirby alirejesha kurasa zenye mhusika ambaye hakuwamo katika mazungumzo yao hata kidogo: kiumbe wa rangi ya fedha apitaye angani juu ya ubao. Lee alimkuta amekwisha kuchorwa, akampenda, akampa maneno ya kusema, na Silver Surfer akawa miongoni mwa wahusika wakuu wa kampuni hiyo. Steve Ditko naye, mchoraji wa Spider-Man, alikuwa akipanga visa mwenyewe, na ilipofika 1965 ndipo alipoanza kutajwa rasmi kuwa mpangaji wa visa hivyo. Kirby alifariki 1994, na mgogoro kati ya warithi wake na kampuni kuhusu haki za wahusika aliowabuni ulimalizwa kwa maelewano mwaka 2014 tu. Nashindwa kuelewa ni kwa kipimo gani mtu aliyebuni kisa, sura, mwendo na mhusika aitwe msaidizi, na aliyejaza viputo aitwe mtunzi.

Jina halitengani na fedha, na ndiyo maana siwezi kuliona suala hili kuwa la adabu peke yake. Jerry Siegel na Joe Shuster, mwandishi na mchoraji waliomuumba Superman, waliuza haki zote za mhusika huyo kwa dola 130 mwaka 1938. Ilibidi wafikie uzee, na wachoraji wenzao waipigie kelele habari yao hadharani, ndipo mwaka 1975 wakapewa malipo ya kila mwaka na majina yao yakarudishwa kwenye kazi yao. Mtu asiyetajwa hana pa kuanzia kudai.

Sasa niigeukie hoja nzito zaidi dhidi yangu, ambayo sitaki kuikwepa. Katika historia ya Batman, aliyetokea mara ya kwanza 1939, mnyonge alikuwa mwandishi. Mchoraji Bob Kane alijipatia mkataba uliomtambua yeye peke yake kuwa mwanzilishi, ilhali Bill Finger ndiye aliyependekeza joho lenye ncha badala ya mabawa magumu, kofia yenye masikio, rangi ya kijivu, na jina la Bruce Wayne, mbali na kuandika visa vya mwanzo. Finger alifariki mwaka 1974, na jina lake likaanza kuwekwa rasmi kando ya la Kane mwaka 2015. Wapo wanaotumia kisa hiki kuonyesha kwamba mchoraji akipewa nguvu humla mwandishi. Mimi nakisoma kwa namna nyingine: dhuluma ilitokana na kulazimisha jina moja juu ya kazi ya watu wawili, na ingekuwa dhuluma ileile kama jina lililobaki lingekuwa la Finger.

Wala sisemi kwamba mwandishi hana uzito. René Goscinny, mwandishi wa katuni ya Kifaransa ya Asterix, alipofariki 1977, mchoraji wake Albert Uderzo aliendelea kuiandika na kuichora peke yake kwa miaka mingi, na wasomaji wengi, nikiwamo, tunaona kwamba vile vitabu vilipoteza ukali wa mzaha uliokuwamo mwanzo, ingawa michoro ilibaki kuwa ya kiwango cha juu. Lakini hao wawili walitajwa pamoja tangu 1959, na hakuna mpenzi wa Asterix aliyepungukiwa na kitu kwa kuyakumbuka majina mawili.

Kuna wanaouliza: tukimkubali mchoraji, tutaishia wapi? Mtia wino (anayepitisha wino juu ya michoro ya penseli), mtia rangi na mwandika herufi nao watadai. Nadhani kipimo kipo. Mtunzi ni yule ambaye uamuzi wake unabadilisha kinachosimuliwa na namna kinavyosimuliwa. Wengine watajwe ndani ya kitabu kwa heshima yao, na pale mtia rangi anapofanya uamuzi wa kiwango hicho, naye apande. Ni mpaka wenye utata katika vitabu vichache, lakini utata wa pembeni haumwondolei haki yake mtu aliye katikati.

Nina shaka pia kwamba tuzo za fasihi zimetuzoesha vibaya bila kukusudia. Riwaya ya picha Maus ilipopata tuzo maalumu ya Pulitzer mwaka 1992, na nyingine, Sabrina, ilipoingia katika orodha ndefu ya Man Booker mwaka 2018, kila kitabu kilikuwa na mtu mmoja aliyeandika na kuchora: Art Spiegelman na Nick Drnaso. Kazi ya namna hiyo hutoshea katika picha tuliyo nayo ya mtunzi aliyejifungia peke yake chumbani. Kazi ya wawili haitoshei, na mhakiki asiyejua kusoma michoro hukimbilia kwenye maneno, akajaza aya nane kuhusu kisa na mwishoni akaongeza kwamba picha zinapendeza. Cha ajabu ni kwamba katika filamu tunafanya kinyume: anayeamua picha zionekane vipi, yaani mwongozaji, ndiye tunayempa sifa kuu, na mwandishi wa muswada husahauliwa hata na aliyeipenda filamu.

Ninachopendekeza ni hiki: majina mawili yawe na ukubwa uleule kwenye jalada, katika orodha za maktaba na katika kila uhakiki, na mrabaha ugawanywe nusu kwa nusu isipokuwa wahusika wenyewe wamekubaliana vingine kwa maandishi. Anayepinga naomba aanzie na swali hili: muswada mmoja ukikabidhiwa wachoraji wawili wasiojuana, je, kitatoka kitabu kimoja au vitabu viwili? Akisema ni vitabu viwili, basi atueleze tofauti hiyo ilitungwa na nani.