Mjadala: Zawadi za Krismasi, tuagize mtandaoni au tuingie soko la Mwanjelwa?

Kiboko wa Uyole
Wakuu, naleta hoja mapema kabla hela za sikukuu hazijayeyuka. Kila Desemba naona watu wa Mbeya hii hii wanatuma pesa kwenye kurasa za Instagram za Dar, halafu wanakesha stendi ya Nane Nane kusubiri mfuko mmoja. Gauni la mtoto, viatu, saa ya baba, kitenge cha mama, vyote vipo Mwanjelwa, Kabwe na Uhindini. Unashika, unavuta mshono, unampima mtoto pale pale, unaomba punguzo, unaondoka nacho. Na hela yako inabaki mjini: muuzaji anakula kwa mama ntilie wa hapa, analipia watoto shule za hapa. Mtandaoni unanunua picha. Msimamo wangu ni kwamba zawadi ya mtu unayempenda hainunuliwi kwa picha. Anayebisha aje na sababu.

Binti wa Forest
Nabisha mimi. Kaka Kiboko, hayo maneno "wanakesha stendi" yamenigusa, kwa sababu mimi ni mmoja wa hao na sijawahi kukesha. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, mzigo ukipakiwa Dar jioni, asubuhi uko Mbeya. Nataja jina na namba ya simu, nasaini, nasepa. Sasa weka na Mwanjelwa wiki ya Krismasi: mvua, tope, mikokoteni inakusukuma mgongoni, mkono mmoja umeshika mtoto, mwingine umekumbatia pochi. Na ukionekana umevaa vizuri tu, bei imepanda. Ukurasani bei imeandikwa, wote tunaiona.

Mzee wa Kabwe
Imeandikwa wapi, dada yangu? Nusu yao wameandika "bei njoo DM".

Mimi nina duka Kabwe, nitasema ninachokijua. Huyo wa Dar kanunua Kariakoo. Na mimi nimenunua Kariakoo, pengine kwa tajiri yule yule. Ila yeye hana fremu ya kulipia, hana mashine ya EFD ya risiti za kodi mezani, hana kijana wa kumlipa mshahara. Mimi nikiuza bila risiti nakamatwa. Yeye anauza akiwa kitandani, hakuna wa kumgusa. Ndiyo maana gauni langu linazidi elfu tano ukilinganisha na lake. Lakini likimbana mtoto, mrudishe kesho nambadilishia. La kwake likishapanda mlima Kitonga kuja huku, limeshakuwa lako, libane lisibane.

Mama Pacha
Unabadilisha wewe, mzee wangu. Wenzako wamebandika ukutani "mali ikishauzwa hairudishwi". Mwaka jana nilinunua viatu vya wanangu duka moja hapa mjini, kwa kushika na kuvuta mshono kama anavyotufundisha Kiboko. Soli imebanduka asubuhi ya Krismasi yenyewe, tumefika kanisani mtoto anaburuta mguu. Niliporudi dukani nikaambiwa mtoto wangu anatembea vibaya. Tangu hapo mimi ni soko la SIDO, nachagua mtumba grade one, hata zawadi natoa humo humo, na hakuna aliyenilalamikia.

Mtoto wa Mlandege
Kamwene wote, niko Iringa. Hayo mengine sawa, lakini mtumba uwe zawadi ya Krismasi? Mama Pacha, umemfikiria anayepokea? Nguo aliyoivaa mtu mwingine Ulaya mpaka akaichoka, wewe unamfungia mwenzako kwenye karatasi ya kung'aa. Bora umpe sabuni na sukari, ataheshimika.

Mama Pacha
Mdogo wangu wa Mlandege, ngoja nikueleze zawadi niliyotoa, maana unaongea kama vile niliokota jalalani.

Mama mkwe wangu yuko Makete. Makete unaijua, mwezi wa sita na wa saba asubuhi majani yanakuwa meupe kwa barafu. Nilienda SIDO robota, lile furushi la mitumba, likiwa linafunguliwa, nikapata sweta la sufu halisi, zito, limefumwa kwa mkono mpaka kwenye vifungo. Kifungo kimoja kilikosekana. Nikalifua, nikalilaza kivulini likauke lisivutike, nikatafuta vifungo vya mbao nikabadilisha vyote vifanane. Yule mama amelivaa kanisani, amelivaa shambani, amelivaa msibani. Masweta mapya tunayouziwa huku ni nailoni tupu, ukifua mara ya kwanza linatoa vinyuzi, mara ya pili mikono imefika kwenye viwiko. Niambie nani kaheshimiwa hapo.

Nyanda Kwanza
Tatizo siyo heshima, tatizo ni viwanda. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondolewe ndani ya miaka kama mitatu. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola mbili na nusu. Marekani ikakasirika, 2018 nguo za Rwanda zikatolewa kwenye AGOA, mpango wa kuuza Marekani bila ushuru, na Rwanda haikurudi nyuma. Sisi huku tunashangilia robota likifunguliwa. Kila sweta la mtumba ni fundi mmoja wa Mbeya aliyekosa kazi.

Fundi Sokomatola
Fundi wa Mbeya ni mimi hapa, usinisemee. Nusu ya kazi zangu ni kupunguza mitumba kiuno na kukata suruali. Robota likikosekana, na mimi nakosa. Hizo nguo mpya za Kariakoo ndizo zinazoniua, zinakuja zimeshonwa tayari kutoka China, kwa bei ambayo mimi hata kitambaa sipati. Mkitaka kumsaidia fundi, mleteni kitenge mwezi wa kumi na moja. Msije tarehe 23 mnalia.

Mtoto wa Mlandege
Naona mnamtetea kwa sababu ni mwenzenu. Mbeya mnapenda sana kuonekana, hata cha mtumba mnakiita grade one ili kipande cheo.

Kiboko wa Uyole
Iringa mna nini cha kutufundisha kuhusu zawadi? Mgeni akija kwenu Krismasi anakaribishwa ulanzi na maneno mazuri.

Tuache hayo, turudi kwenye mada. Binti wa Forest hajanijibu la picha. Jumia, kampuni kubwa kabisa ya kuuza mtandaoni, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Wale walikuwa na ofisi na magari. Sasa wewe unamwamini mtu mwenye laini mbili na picha alizopakua?

Binti wa Forest
Kaka, hapo umenitukana na hujui. Mimi nauza mchele wa Kyela kwa WhatsApp. Wateja wangu wako Dar, Dodoma, Mwanza, na wengi hatujawahi kuonana. Wanalipa kwanza, napakia, nawatumia picha ya gunia limeshonwa na risiti ya basi, wanapokea. Desemba ndiyo mwezi wangu mkubwa kwa sababu ya pilau za Krismasi. Sina fremu, hata hiyo ya kulipia nisingeiweza nilipoanza, nilikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Kwa hesabu yako mimi na matapeli ni kitu kimoja. Hiyo hela inayobaki Mbeya unayoilinda, mimi naivuta kutoka Dar kuja huku kila wiki, kwa mtandao huo huo unaoukataa.

Mzee wa Kabwe
Dada, hujatukanwa. Lakini risiti ya EFD unatoa?

Binti wa Forest
Mzee, nimeongelea uaminifu, wewe unaniletea kodi za TRA.

Mwalimu wa Tukuyu
Shikamooni wakubwa. Nafundisha msingi huku Rungwe. Mnabishana Instagram na Mwanjelwa, mimi nawaza tarehe shule zinapofunguliwa Januari. Elimu bila malipo ilianza 2016, tunashukuru, lakini sare, viatu na madaftari bado ni vya mzazi. Kila mwaka napokea watoto waliong'aa Krismasi na gauni la shela, Januari wanakuja darasani na ndala kwenye mvua ya huku, ambayo mnaijua. Zawadi ya mtoto iwe viatu vyeusi vya ngozi. Na hivyo lazima umpeleke dukani, avae, asimame, ubonyeze kidole mbele uone nafasi ya kukua. Hakuna picha itakayokufanyia hiyo kazi.

Nyanda Kwanza
Mwalimu umeongea. Ila viatu vyenyewe vinatoka wapi? Ng'ombe tunao, ngozi tunazo.

Fundi Sokomatola
Ameanza tena.

Mama Pacha
Mwalimu, mtoto anangoja mwaka mzima avae kitu cha kupendeza siku moja, wewe unampa sare? Mpe vyote viwili, vyeusi vya Januari na gauni la Krismasi. Gauni mtumba, hela iliyobaki ndiyo viatu.

Mtoto wa Mlandege
Bado sijajibiwa. Mama Pacha, wewe mwenyewe mumeo akikuletea mtumba Krismasi utaupokea?

Mama Pacha
Nauvaa siku hiyo hiyo, na ibada ya pili naenda nao.

Mkazi wa Ilomba
Samahani kuwakatiza, dada Mama Pacha. Hao wenye masweta ya sufu SIDO wako upande upi, na robota wanafungua siku gani?