Nimelipia chupa 5, nimeletewa 2 na kikaratasi cha kunifundisha adabu!!

Pumzi_Ndefu (mleta uzi)

Wakuu, naandika huku natetemeka. Kifurushi nimekifungua sasa hivi, mkasi bado uko mkononi.

Simtaji, mnamjua. Yule wa vifuniko vyeusi. Yule ambaye duka lake la juisi za vepu, ile sigara ya umeme, linaonekana mara moja kwa mwezi kama mwezi mwandamo, watu wote macho juu, dakika 20 kalifunga. Huyohuyo.

Nimeoda chupa 5 za mililita 60. Kikapu kikakubali 5. Hela ikakatwa ya 5. Nikasubiri siku 19. Leo nafungua boksi, chupa 2! Na juu yake kikaratasi, kaandika kwa mkono wake mwenyewe, wino mwekundu kama mwalimu wa zamu: "Waachie na wenzako." Pembeni kachora kauso kanacheka.

WAACHIE NA WENZAKO!

Mimi? Miaka 4 nanunua kwa mtu huyu. Nimeanza naye hana hata duka, anatuma picha za chupa kwenye ujumbe, lebo zimekaa upande. Juisi yake ya kwanza ya ladha ya kastadi ilinifikia mbichi kabisa, inachoma koo kama umemeza manukato. Nikanyamaza, nikaificha kabatini wiki 3 ikakomaa, ikawa kahawia, ndipo nikamwandikia sifa ambazo mpaka leo kazibandika dukani kwake. Watu niliompelekea wanajaza basi na wengine wananing'inia mlangoni. Leo mimi ndiye wa kuambiwa waachie na wenzako, kama mtoto aliyekutwa na mkono kwenye sinia ya wageni!

Hebu pigeni hesabu. Natumia mililita 5 kwa siku. Chupa ya 60 ni siku 12, chupa 2 ni siku 24. Yeye anafungua baada ya siku 30. Hizo siku 6 nivute nini? Nilitoka kwenye sigara kwa taabu, aliyeacha anaijua, na ni siku kama hizo ndizo zinazomrudisha mtu kwenye pakiti. Hilo hakulikumbuka wakati anachora kauso kake.

Na hela ya zile chupa 3 hajarudisha. Kaniwekea "salio la dukani". Salio lenyewe siligusi mpaka afungue, na akifungua naambiwa kikomo ni chupa 2. Kwa hiyo hela yangu mwenyewe naidai kwa awamu, miezi 2 mizima! Zile pointi za mteja mwaminifu nazo zimefika chupa 1 ya zawadi. Nimeuliza. Zawadi inahesabiwa ndani ya kikomo. Nikiichukua, naruhusiwa kununua 1. Huko ni kufungwa kamba mguuni kama kuku halafu unaambiwa umependwa.

Angeandika dukani kikomo ni 2, ningeoda 2 nikatulia. Hakuandika popote. Ila kukaa kitako, kutafuta kalamu, kuandika waachie na wenzako, kwa hilo muda anao. Wenzangu gani? Wajitokeze niwaone!

Tone_la_Mwisho

Mimi hapa mwenzako. Nimepata chupa 2 za kastadi. Asante kwa kuniachia.

BibiWingu

Hahahaaa @Tone_la_Mwisho utamuua mwenzio na presha.

Mleta uzi punguza povu, keyboard italowa. Chupa 5 za nini mtu mmoja? Wewe ndiye wale mnaobeba zote dakika ya kwanza, kesho tunazikuta zinauzwa bei mara mbili. Kikomo kimewekwa kwa ajili yenu.

Pumzi_Ndefu

@BibiWingu nimeandika hesabu hapo juu, mililita 5 kwa siku. Sijawahi kumuuzia mtu hata tone. Na siongelei kikomo! Naongelea KIKARATASI. Miaka 4 halafu waachie na wenzako!

Fundi_Mizani

Mkuu, pole, lakini yule jamaa anachanganya peke yake. Nikotini aliyonayo ni kali sana kabla ya kuchanganywa, unavaa glavu, unapima taratibu, haikamuliwi kama ndimu. Kila chupa ni mizani, kutikisa, lebo, kufunga. Na ladha anaagiza kwa mtengenezaji. Ladha moja ikiisha huko juu, huwezi kuweka nyingine ya jina lilelile, stroberi ya huyu na ya yule ni vitu viwili tofauti. Akipokea oda zote, ama anawacheleweshea miezi, ama anawatumia mbichi, na mtakuja kulia hapahapa. Afadhali anayekwambia hapana mapema.

Pumzi_Ndefu

Mapema ipi? Siku 19!! Na hela keshakata!

Mvuke_Mzito

Una bahati umeandikiwa kwa mkono. Wangu mimi ananiita "familia". Karibu familia, tumekukumbuka familia, duka linafunguka leo familia. Hela ikishaingia, ujumbe unasomwa haujibiwi. Niliomba koo lipunguziwe ukali kidogo, yaani glisirini, kile kimiminika kizito cha kwenye juisi, iongezwe, akanijibu "fuata utaratibu". Familia gani hiyo?

Koili_Imeungua

@Mvuke_Mzito bora wewe. Mimi wangu anaweka sukari bandia mpaka koili, ule waya unaochemsha juisi, inageuka lami. Siku 3, nyeusi tii, kila pumzi ni moshi wa jiko. Nikimwambia ananijibu wateja wake wa siku zote hawalalamiki. Hawalalamiki kwa sababu yeye huyohuyo anawauzia na koili!!

Mvuke_Mzito

Hahaha hapo umeshikwa pabaya. Mbona humkimbii?

Koili_Imeungua

Ile embe yake sijaipata kwingine.

Pumzi_Ndefu

Jamani uzi huu ni wa kikaratasi. Nimekipiga picha, nakipandisha jioni mkione hicho kiuso. Waachie na wenzako. Mtu mzima na akili zake!

Kijiti_Kavu

Mnalia chupa 2? Njooni Ulaya muone. Tangu sheria ianze kutumika 2016 chupa yenye nikotini haizidi mililita 10, na nguvu haipiti miligramu 20 kwa mililita. Kwa hiyo unanunua chupa kubwa ya mililita 50 isiyo na nikotini, na kachupa ka 10 kenye nguvu ya 18, unamimina mwenyewe, unatikisa, unapata 60 ya nguvu ya 3. Jikoni kwangu kumejaa vichupa vitupu kama zahanati. Kila mwezi! Halafu mtu ana chupa 2 za 60 anaitisha kikao.

Parcel_Iko_Wapi

@Kijiti_Kavu wewe unaletewa mlangoni unalalamika? Huku Marekani posta ya serikali imefungiwa kubeba vifurushi hivi tangu 2021, na kampuni kubwa za usafirishaji nazo zikajitoa. Wauzaji wangu wadogo 3 walifunga mmoja baada ya mwingine. Sikuandikiwa hata kikaratasi. Ningetamani mtu aniandikie waachie na wenzako, nijue walau duka lipo.

BibiWingu

Mmh, hapo umenigusa kweli.

Mtu_wa_Kastadi

Tokeni huko kwa wauzaji, changanyeni wenyewe. Mimi mwaka wa pili sasa simbembelezi mtu. Propilini glikoli (kimiminika chepesi kuliko glisirini), glisirini, ladha, nikotini, basi. Glisirini 70, glikoli 30. Naweka chupa juu ya mizani, namimina gramu 70, kisha gramu 30, hapo nina mililita 100. Mambo yenyewe ni hayo.

Fundi_Mizani

@Mtu_wa_Kastadi SIMAMA HAPO HAPO. Gramu si mililita! Mililita 1 ya glisirini ina uzito wa gramu 1.26, ya glikoli ni gramu 1.04 hivi. Gramu zako 70 za glisirini ni kama mililita 55 na nusu tu. Huna 100, una 84 na ushee. Na kama nikotini unaiweka kwa bomba la sindano ukidhani unaipigia 100, nguvu inapanda bila wewe kujua. Mwaka wa pili huo?

Mtu_wa_Kastadi

Ndiyo maana wageni wangu wanakohoa?

Koili_Imeungua

Mungu wangu.

Fundi_Mizani

Nunua mizani inayosoma mpaka gramu 0.01, halafu zidisha mililita zako kwa uzito wa mililita 1 ya kila kitu kabla ya kumimina. Nikotini iwe ya mwisho, na glavu uvae. Watoto wasikaribie hiyo meza.

Pumzi_Ndefu

Picha ya kikaratasi nimepandisha. Itazameni hiyo herufi W ilivyokandamizwa, kalamu karibu itoboe. Huyo aliandika kwa makusudi.

Mvuke_Mzito

@Fundi_Mizani na ladha ya krimu unailaza muda gani kabla ya kuvuta? Kuna aliyeniambia niiweke kwenye maji ya moto.

Fundi_Mizani

Wiki 2 mpaka 4, gizani, kifuniko kimekaza. Matunda hayahitaji muda huo. Maji ya moto achana nayo.

Kijiti_Kavu

Na tanki linalovuja usiku kucha, ni hiyo juisi nyepesi au?

Fundi_Mizani

Angalia ringi ya mpira chini ya koili kwanza. Imepasuka?

Kijiti_Kavu

Ngoja nifungue.