Ngazi au kutembea jioni, kipi kinausaidia moyo zaidi?

Mpangaji_Gorofa6: Wakuu habarini. Nina miaka 47, ofisi yetu iko gorofa ya sita Kariakoo na lifti kila wiki mbovu. Presha imeanza kupanda, daktari kasema nifanye mazoezi, sasa nipande ngazi tu kila siku au nitafute nusu saa ya kutembea jioni? Maana nikifika nyumbani ni usiku tayari.

BabaZuhura: Ngazi mkuu, bila kujiuliza. Unabeba uzito wako wote kwenda juu, dakika mbili tu unahema, kutembea tambarare mpaka uhema hivyo ni safari ndefu. Mwaka 1953 Jeremy Morris, mtafiti wa afya wa Uingereza, na wenzake walitoa utafiti wa mabasi ya gorofa ya London, dereva kakaa siku nzima, konda anapanda vidato 500 mpaka 750 kwa siku, na makonda ndio waliugua moyo kidogo kuliko madereva.

nesi_wa_zamu: Kaka malizia basi, 1956 Morris huyohuyo akaangalia saizi za sare, akakuta madereva wana viuno vikubwa kuliko makonda, kwa hiyo huenda unene nao ulichangia, sio ngazi peke yake. Mpangaji, presha yako ni ngapi? Naomba upime kwanza, maana ngazi zinapandisha presha na mapigo ghafla, na mtu ambaye mishipa ya moyo imeshaanza kuziba hapo ndipo anaumbuka. Kifua kikibana, maumivu yakienda kwenye taya au mkono, kizunguzungu, jasho la baridi, simama hapohapo na uende hospitali, usimalizie eti imebaki gorofa moja. Na usibane pumzi.

MamaNasra: Mimi kupanda hakujawahi kunidhuru, kushuka ndiko kumeniharibia goti jamani. Ukishuka goti linapokea uzito wote na ndiko watu wanakoteleza, hasa umeme ukikatika ngazi zinakuwa giza totoro. Sasa napanda kwa miguu nashuka na lifti, ikigoma nashika reli, malapa mkononi.

Mzee_Chumbageni: Wanangu mbona mnashindanisha? WHO wanataka dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na tangu 2020 hawadai tena kila kipande kifike dakika 10. Shuka daladala kituo kimoja kabla, panda gorofa mbili, zilizobaki lifti, zote zinahesabika.

Mpangaji_Gorofa6: Nimerudi wakuu. Nimepima mara mbili leo, 168/102 halafu 164/100. Daktari kanianzishia dawa, kanipa na kipimo cha umeme wa moyo Jumatatu, mpaka majibu yatoke natembea tu tambarare polepole. Dada nesi asante sana, kesho nilikuwa naanza zote sita.

nesi_wa_zamu: Afadhali umepima kaka. Jumatatu tuletee majibu hapa.