Naomba ushauri: mdhamini wa tatu kwenye maombi ya uzamili, utawala wa elimu ya juu

Habari zenu wakuu. Naandaa maombi ya shahada ya uzamili katika utawala wa elimu ya juu. Shahada ya kwanza ni uhasibu. Kazi ya sasa ni udahili chuoni: kuhakiki vyeti, kushughulikia rufaa za waliokosa nafasi, kuandaa takwimu za usajili.

Chuo kinataka wadhamini watatu, yaani watu wa kuniandikia barua za mapendekezo. Mhadhiri mmoja na mkuu wangu wa kitengo wamekubali. Wa tatu ndiyo shughuli: yupo mkuu wa chuo anayenijua kwa jina tu, na yupo mratibu wa udahili anayeijua kazi yangu nje ndani, ila hana uzamivu. Barua ya cheo kikubwa isiyo na hata mfano mmoja naiona nyepesi, lakini sijui kamati huipimaje.

Maelezo ya dhamira (kwa nini nataka kusoma kozi hii) yana kikomo cha maneno 500. Rasimu ya kwanza ilisomeka kama wasifu uliorudiwa, nikaipangua na kubakiza suala moja: wanafunzi wanaodahiliwa kisha hawaripoti.

Nimchague mdhamini yupi? Na je, nitaje mhadhiri ambaye ningependa anisimamie, wakati kozi yenyewe ni ya masomo bila tasnifu?