Mwalimu wa kisomo naye awekewe viwango?

Mkaa Barza:
Assalaam alaykum nyote. Swali langu ni moja tu, msinipeleke pengine. Mwalimu wa skuli ya msingi hutakiwa awe na cheti, na akishakipata huitwa kituo cha walimu kunolewa. Wa kisomo je, anayemfundisha mtu mzima asiyejua kusoma? Kijijini kwetu alichaguliwa kwa kuwa hati yake nzuri na alikuwa hana kazi. Mie nasema viwekwe viwango: asomee namna ya kumfundisha mtu mzima, na kila mwaka apate siku za mafunzo zenye kuhesabiwa. Asiyekwenda asipewe darasa. Marrakech mwaka 2022, kwenye mkutano wa UNESCO wa elimu ya watu wazima, nchi zilikubaliana walimu hawa waendelezwe kitaaluma. Sisi Zanzibar tunangoja nini?

Ngarawa:
Tunangoja posho. Mtu anajitolea, anakupa alasiri yake, weye unamtaka cheti. Na mshahara wa cheti utampa? Utabaki na viwango kabatini, mwalimu keshakwenda kuvua.

Mjini Kati:
Mnanichekesha. Mwalimu wa ngumbaru anahitaji nini zaidi ya a-e-i-o-u na chaki? Kwani daktari yule?

Bi Mwani:
Ngumbaru nani? Hebu rudia nikusikie. Mie nna miaka 54, kisomo nimekianza nna wajukuu. Zamani mnunuzi wa mwani akiniambia kilo kumi na nne naitika. Siku niliyoijua mizani nikamwambia hiyo kumi na tisa, mwanangu, tazama vizuri. Tangu siku hiyo shikamoo yake imekuwa ndefu. Ngumbaru!

Mjini Kati:
Bi, si tusi, neno limo kwenye kamusi.

Fundi Chaki:
Na punda limo kwenye kamusi. Mwite baba mkwe wako.

Mtu wa Bara:
Huku kwetu neno la kawaida, wazee wenyewe walijiita hivyo wakicheka, tangu Nyerere alipoutangaza Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, 1970 au 71 sikumbuki. Na hivyo viwango mnavyotafuta, Dar kuna Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, watu wanasomea mpaka shahada. Leteni watu wenu.

Fundi Chaki:
1970. Mwaka 71 ndiyo ile kampeni ya kufuta ujinga wa kusoma katika wilaya sita, Mafia ikiwamo. Taasisi ina sheria yake ya mwaka 1975. Ila sheikh, kilicho cha Muungano ni elimu ya juu. Kisomo ni chetu wenyewe. Usitufungulie kero nyingine hapa.

Mjukuu wa Konde:
Mie lililoniuma si hilo la ngumbaru, ni hili la "asiyejua kusoma". Bibi yangu kule Konde, Pemba, alitiwa kwenye orodha ya wasiojua kusoma. Bibi aliyekhitimu msahafu! Babu alipokuwa Mombasa, barua zote za nyumbani aliziandika yeye kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili kitupu. Kijana wa orodha akamuonesha a. Bibi akasema hii siijui. Kijana akapiga alama, akenda nyumba ya pili. Huyo ndiye mnayetaka kumpa cheti?

Mkaa Barza:
Ndiye khasa! Angefunzwa kwanza kumuuliza mtu anajua nini, alama ile asingeipiga. Hivyo ndivyo viwango ninavyovisema mie.

Ngarawa:
Aa, sasa viwango vimekuwa adabu. Adabu hufunzwa nyumbani.

Fundi Chaki:
Ngarawa, adabu ninayo na bado nilikosea. Nimefundisha kisomo kusini miaka tisa, na stashahada ya ualimu ninayo, lakini ya watoto. Wiki ya kwanza mama mmoja kachelewa, nikamsimamisha mbele ya darasa kama mtoto wa la pili. Akasimama. Akasema, "Mwanangu, natoka baharini." Akachukua daftari lake akaondoka, na nusu ya darasa nyuma yake. Ikanibidi nizunguke nyumba kwa nyumba kuomba radhi.
Mafunzo nimepelekwa mara mbili. Tukabandikiwa makaratasi ukutani, tukanywa soda, tukasaini. Hakuna aliyeniambia kuwa darasa la kinamama wa mwani hufuata maji. Bamvua, maji yanapokupwa na kujaa sana, likiingia asubuhi wote wako pwani, alasiri wamechoka na chungu kinawangoja. Maji mafu, yasiyokupwa sana, ndiyo darasa hujaa. Mkaguzi akaja siku ya bamvua, akakuta watu watatu. Akaandika: mwalimu hajui kuhamasisha. Kwa hiyo mie viwango navitaka, ila nataka kujua nani ataviandika, na kama aliwahi kufunga mwani.

Bi Mwani:
Ungekuwa mwalimu wangu ningekuja hata bamvua.

Fundi Chaki:
Usingekuja, bibi.

Bi Mwani:
Kweli, nisingekuja.

Mjini Kati:
Haya, neno nimeliondoa, Bi Mwani nisamehe. Lakini huyo bibi wa Konde, kwa hisani yenu, tumhesabu msomi? Akipewa karatasi ya hospitali ataisoma?

Mjukuu wa Konde:
Weye karatasi ya hospitali unaisoma? Mwandiko ule wa daktari? Unampelekea mtu wa dawa akusomee, sawasawa na bibi yangu.

Mtu wa Bara:
Nauliza kwa nia njema. Kiarabu hakina p. Bibi aliandikaje Pemba?

Mjukuu wa Konde:
Be kwa nukta tatu chini. Mtu wa Konde, jina la kisiwa chake limshinde?

Fundi Chaki:
Wengine walitia nukta moja tu, msomaji ajijue mwenyewe. Bamba, bemba, utalipata mbele ya safari.

Mjukuu wa Konde:
Bibi alitia tatu. Barua ninazo kwenye kasha.

Mkaa Barza:
Jamani. Siku ngapi za mafunzo kwa mwaka? Tano? Kumi?

Ngarawa:
Posho ngapi kwa siku?